Kiti cha Kupikia

Ndunge alipofariki, waombolezaji waliojaa uani kwake, nje kidogo ya mji wa Voi, waliuliza yote yanayoulizwa matangani: shamba litalimwa na nani, mbuzi watachungwa na nani, wajukuu watashindaje. Hakuna aliyeuliza ni nani sasa angekaa kati ya Kaveke na moto.

Kaveke alikuwa binti yake mkubwa, na alikuwa na kifafa tangu utotoni. Siku moja, akiwa bado msichana wa shule, alitumwa jikoni kuchochea kuni, akaanguka, mkono wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Jikoni mlikuwa na wanawake wawili wa jirani. Walipoona povu mdomoni mwake walitoka mbio, kwa maana waliamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, ugonjwa unahamia kwako. Ndunge aliporudi kutoka kuteka maji alimkuta amelala palepale. Mkono ulipona, lakini vidole vilibaki vimeshikana.

Tangu hapo Ndunge aliweka stuli yake ya chini mbele ya mafiga na kumkalisha Kaveke nyuma yake. Miaka ikapita hivyo, msichana akawa mtu mzima, na mapishi yote aliyoyajua aliyajua akichungulia juu ya bega la mama. Alichagua maharagwe, akakatakata vitunguu kwa mkono mmoja na nusu, akanyoosha mwiko na kukoroga huku goti la mama likimzuia. Vidonge vya hospitali vilipunguza kuanguka, havikukomesha. Mwanamume mmoja alikuja kumposa, akaelezwa hali yake, hakurudi tena. Lakini muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe mpaka yakawa laini, hata majirani waliusifu, bila kujua ni mkono wa nani.

Kisha kifua kikamchukua mama.

Baada ya mazishi, Kituku, mdogo wake Kaveke, aliyefanya kazi ya kupakia mizigo kwenye malori ya barabara kuu, alimwita dada yake akamwambia kwa upole kwamba jikoni asiingie tena. Teresia, mkewe, ndiye angepika. Ila Teresia aliuza mitumba sokoni Voi, akitoka asubuhi na kurudi jua limezama. Basi Kaveke akashinda sebuleni na themosi ya chai na mkate wa jana, akiwasikia watoto wa Kituku wakitoka shule na kuuliza kama kuna chochote cha kula. Hakulalamikia njaa. Siku moja tu alimwambia Teresia kwamba anajiona kama gunia la unga lililoingizwa ndani lisinyeshewe.

Teresia hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua ufunguo wa jiko kwenye kikapu chake, akauacha mezani, akaenda zake sokoni.

Kaveke hakuwasha moto siku hiyo. Alianza na viti. Alikaa kwenye stuli ya mama, karibu na mafiga yaliyopoa, akajiachilia kama mtu aliyezimia, kwanza mbele, halafu kushoto, halafu kulia. Kwenda mbele, uso wake ulitua katikati ya majivu. Akaleta kiti cha plastiki kutoka sebuleni, kirefu kidogo, akakisogeza nyuma. Alipojiachilia, kile kiti chepesi kiliteleza naye, wote wawili wakafika kwenye mafiga. Benchi halikuwa na pa kushikilia ubavuni. Kochi la zamani halikupita mlangoni, na hata lingepita, sponji yake ingeshika moto kabla yake.

Teresia alirudi mapema kidogo siku hiyo, akamkuta chini, nywele zimejaa majivu. Alidhani amezidiwa, akapiga magoti kumgeuza. Kaveke akafumbua macho akamwambia yuko sawa, anapima tu. Teresia akaokota kijiti.

"Anguka tena, wifi," akasema. "Nichore kichwa kinapofika."

Walirudia mpaka sakafu ya udongo ikajaa alama. Jumapili, baada ya ibada, wakaenda kwa Mwandawiro, fundi seremala mwenye kibanda nyuma ya soko. Yeye aliposikia kiti cha jikoni aliwaonyesha vile virefu vyembamba vilivyopakwa vanishi, ambavyo watu wa nyumba mpya mjini huviweka kando ya meza ya kulia chai. Kaveke akacheka, mara ya kwanza tangu matanga, akamweleza alivyo. Mwandawiro, aliyekuwa akicheka naye, akaacha kucheka. Walijadiliana kwa muda, wakichora kwenye vumbi la randa. Yeye alitaka kuweka kijiti mbele, kama kiti cha mtoto mchanga. Kaveke akasema akitikisika kitamvunja mbavu. Afadhali leso, ifungwe kiunoni, laini lakini imara. Hilo la leso lilikuwa wazo lake mwenyewe.

Kiti kilichotoka kilikuwa kizito, cha mkalitusi, chenye mikono mipana na mgongo mrefu. Miguu yake iliachwa mirefu makusudi, kwa sababu ilichimbiwa ardhini na kushindiliwa, kisiweze kuvutwa wala kupinduka. Mafiga yakahamishwa hadi nje ya alama ya mwisho, yakainuliwa juu ya matofali, na Mwandawiro akachonga mwiko wenye mpini wa kufika huko. Kituku alipokiona alikizunguka mara moja, akakitikisa, hakikutikisika. Akatoka zake.

Msimu mzima wa mvua Kaveke alipika. Watoto walikuta chakula. Siku moja kifafa kilimshika akiwa peke yake, na alipopata fahamu kichwa kilikuwa kimeinama kifuani, leso imembana, sima imeungua hadi ikawa jiwe. Alijipapasa uso, mikono, miguu. Hapakuwa na kidonda. Aliikwangua ile sima iliyoungua akaila yote.

Safari iliyofuata, kifafa kilipomshika Kaveke, Syokau alikuwa mlangoni.

Syokau alikuwa jirani na mwenzao kanisani, na alikuja kurudisha sufuria. Alichokiona ni mwanamke aliyefungwa kwa leso kwenye kiti kilichozikwa ardhini, macho yamepinduka, povu linamtoka. Aliitupa sufuria akakimbia. Muda si muda ua ulijaa watu, mzee wa kijiji akiwa mbele, na Kituku akaitwa kazini. Walimsimamisha mbele ya jiko. Wakamwuliza mama yake ana muda gani kaburini hata aanze kumfunga dada yake kama mbuzi. Wengine walizungumzia polisi.

Kaveke alikuwa pale pale, ameshafunguliwa, ameketi chini ukutani. Aliwasikia. Lakini baada ya kifafa ulimi wake huwa mzito na maneno humkimbia kwa saa nzima au zaidi, na mdomo ulipofunguka ilitoka sauti isiyo na maana, wanawake wakamhurumia na kutikisa vichwa. Teresia alikuwa sokoni. Kituku aliwatazama wale watu, akamtazama dada yake, akaenda kuchukua jembe. Akakichimbua kiti mwenyewe, wote wakimwangalia.

Kesho yake Kaveke alimweleza kila kitu, na Teresia akamuunga mkono.

"Nimesikia," Kituku akasema. "Lakini sitasimamishwa tena mbele za watu kama mwizi."

Akaikata ile miguu mirefu kwa msumeno, kiti kikawa cha sebuleni. Jiko likatiwa kufuli jipya, na ufunguo akawa anaondoka nao.

Siku iliyoleta balaa ilikuwa ya mvua kubwa. Teresia alikwama mjini, watoto wakarudi wamelowa, wanatetemeka. Kaveke alitoa jiko la makaa barazani awapashie uji tu. Mahali pa kukalia palikuwa stuli ya mama, basi. Alikaa. Hakumbuki zaidi ya hapo. Walioitikia mayowe ya watoto walisema alilalia lile jiko kwa mkono wa kulia na shavu, na kwamba mtoto mkubwa wa Kituku ndiye aliyemvuta kwa miguu.

Alilazwa hospitali muda mrefu. Kituku alikuja kila jioni baada ya kazi, akakaa kando ya kitanda. Syokau naye alikuja na wenzake wa kanisani, wakaomba, wakaimba kwa sauti ya chini. Walipokuwa wanaaga, Kaveke alimwomba Syokau abaki.

"Mama, siku ile ulinikuta nimefungwa," alisema. Shavu lilikuwa na bendeji, hivyo alisema polepole. "Ulidhani nateswa."

Syokau akaitikia kwamba ndivyo alivyodhani, na kwamba alitaka kumwokoa.

"Mbona hukunifungua?"

 Syokau aliangalia mikono yake, akachukua kikapu chake akatoka.

Kaveke aliporudi nyumbani, mkono wa kulia ulikuwa umekunjamana kwenye kiwiko na haunyooki. Kituku hakuambiwa na mtu. Alimwita Mwandawiro, wakakiungia kile kiti miguu ya chuma, akachimba mashimo upya, akashindilia udongo kwa shina la mti mpaka jasho likamtiririka. Alipomaliza alimwambia dada yake, bila kumtazama, kwamba alipaswa kukirudisha ardhini siku ileile alipoelezwa. Kaveke aliukaribia ule mwiko mrefu, akajaribu kuushika, kwanza kwa mkono uliokunjamana, kisha kwa vidole vilivyoshikana. Ulianguka mara zote mbili. Akauacha chini.

Sasa Teresia hauzi mitumba kutwa nzima. Anarudi mchana, anamfunga wifi yake leso, anapika yeye, na Kaveke anamwelekeza kutoka kitini: maji bado, punguza kuni, tia chumvi sasa. Huwa anakosea, na Kaveke humkaripia. Maharagwe huyachagua mwenyewe mapajani, moja moja, kwa kidole gumba.

Jambo moja alilolitaka ni mlango usifungwe. Kituku alisita, akasema watu wataona. Kaveke akasema ndivyo anavyotaka, waone. Kwa hiyo mlango wa jiko hukaa wazi, na njia ya kwenda bombani inapita hapo mbele. Wanawake wakipita na mitungi yao husalimia haraka, macho wakiyapeleka kwenye ua au kwenye mbuzi. Kaveke huwaitikia kila mmoja kwa jina lake, na Syokau pia.