Kucha za Kasuku na Mahali Anaposimama

Siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyorudi kutoka kuuza maziwa nikakuta damu kwenye sakafu ya baraza letu pale mtaa wa Bulla Pesa. Haikuwa damu ya mtu, wala hatukuwa tumechinja. Ilikuwa damu ya kasuku. Nakueleza wewe kwa sababu nimesikia umepewa kasuku wa kufuga, na umekuja kuniomba mkasi wa kumkatia kucha. Mkasi ninao. Lakini keti kwanza, maana sina nguvu ya kuanza maneno haya mara mbili.

Miaka hiyo serikali ya kaunti ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na mji wa Isiolo ulijaa wageni wa kazi. Mmoja wao, afisa mpole wa mambo ya maji, alipanga chumba kwenye ploti yetu, akaja na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Alipohamishwa alituachia ndege huyo pamoja na kibali chake cha kufugwa. Mimi nilitaka kukataa. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na biashara ya maziwa ya ngamia, ambayo hufika mjini kabla jua halijachomoza na hayamngoji mtu, na nilikuwa na mama mkwe. Nilikuwa bado kijana, na utacheka ukinisikia najiita hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimeshavuka arobaini. Lakini mwanamke akiwa anaishi na mama mkwe wake, hata awe na mvi, yeye ndiye kijana wa nyumba.

Mama mkwe huyo tulimwita Akko, ndiyo kusema nyanya kwa Kiborana. Mimi ni Mmeru, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, chake cha malishoni na changu cha sokoni. Maisha yake yote aliishi kijijini Kulamawe na mbuzi wake. Magoti yalipomkataa, mume wangu alimleta mjini, tukamnunulia kiti cha plastiki chenye mto, tukakiweka barazani kwenye kivuli. Kila siku alikaa hapo akiulizia gari la Kulamawe. Huko hakukuwa na mtu wa kumtunza. Vijana walikuwa wamehama na mifugo, na nyumba yake ilikuwa imebomoka upande mmoja. Tulimweleza hivyo, na kesho yake akauliza tena. Kuna siku nilimkuta stendi na kifurushi chake mkononi, amejikokota mpaka hapo peke yake.

Kasuku ndiye aliyemtuliza. Sijui aliona nini kwa yule ndege, lakini alianza kumpigia mluzi ule wa kuwaita ngamia kisimani, na kasuku akaushika. Basi ukawa ndio mchezo wao, huyu anapiga, yule anajibu, na majirani wakicheka nyuma ya ukuta. Mimi nilipumua. Niliweza kwenda kuuza maziwa bila kuwaza kama nitarudi nikute kiti kitupu.

Sasa nikwambie kuhusu kitu ambacho kasuku alisimama juu yake. Kijiti kilichokuja na kizimba chake kilivunjika mapema, na mume wangu akaweka kipande cha paipu ya maji, kimenyooka, laini, rahisi kupangusa. Tuliona tumefanya vizuri. Kadiri miezi ilivyokwenda, kucha za kasuku zilirefuka zikajipinda, zikawa zinanasa kwenye shuka la Akko kila alipomchukua. Chini ya nyayo zake ngozi ikawa nyekundu na kung'aa, kama kisigino cha mtu aliyevaa kiatu kinachombana. Akaanza kulala ameng'ang'ania waya za kizimba. Mluzi akauacha. Akko naye akapungukiwa na maneno, na haukupita muda akarudia kuulizia gari.

Hapo nikamwita shemeji yangu Galgalo. Galgalo alikuwa fundi wa kukata kwato. Mbuzi wa kufungwa mjini kwato zao hurefuka, na yeye alikuwa akimpindua mbuzi, anakata bila woga mpaka aone weupe wa ndani, anamwachia aende zake. Nilimwambia aje amkate kasuku kucha nikiwa sokoni. Sikutaka hata kushika ile kazi. Nilikuwa nimechoka, mwanangu, kuchoka kule kwa mtu ambaye hata akilala anaamka nako.

Alikata kama alivyozoea. Lakini ndani ya ukucha wa kasuku kuna mshipa wa damu na kuna maumivu, na kwa kuwa kucha zake ni nyeusi, ukiangalia kwa nje huoni mshipa umefika wapi. Ukucha wa pili ndio uliotoa damu nyingi, na kwa mwili mdogo namna ile damu kidogo ni nyingi. Niliporudi nilimkuta Akko amemfunika ndege kwa shuka, anambandika unga wa ngano kwenye kidole na kukibana. Galgalo alikuwa amesimama kando. Nilimpigia simu daktari wa mifugo. Akasema unga ni sawa, tuendelee kubana, tusimminye kifua kwa sababu ndege hupumua kwa kukitanua, kisha tumweke mahali penye giza na utulivu. Tukangoja. Akko hakuondoa macho kwa yule ndege, na mimi sikuondoa macho kwa Akko, maana nilijua kasuku akifa, kesho nitamtafuta mama huyu barabarani.

Damu ilikata. Badala ya kushukuru, nikaanza kusema. Nilimsema Galgalo, nikamsema afisa wa maji aliyetuachia mzigo, nikamsema na ndege mwenyewe. Nikasema kesho nampa mtu yeyote atakayemtaka, kwa sababu mimi siwezi kulea kila kitu kilicho na pumzi katika ploti hii. Akko aliniacha mpaka nikamaliza.

"Mama Dida," akaniambia, "nyinyi mnaangalia kucha tu. Mbuzi ya Kulamawe, nani anakata kwato yake? Hakuna mtu. Mawe ndio inakata. Hii ndege mmeiweka kwa paipu moja. Asubuhi inasimama hapo, usiku inalala hapo. Sasa hiyo kucha itaisha na nini?"

 Galgalo alikuwa amechunga mbuzi huko huko Kulamawe tangu utoto. Jambo hilo tulilijua sote, hata mimi niliyezoea kununua mbuzi tu, lakini hatukulifikiria kwa kasuku. Tulimwona kama kitu cha maafisa, kisichohusiana na tunayoyajua.

Kisha Akko akaongeza kwa sauti ya chini, bila kunitazama. "Na mimi mmeniweka kwa kiti moja. Kiti ni mzuri, mto iko. Lakini ni moja."

Sitakudanganya kwamba nilitubu papo hapo. Nilikasirika. Nani aliamka gizani akapokea maziwa? Nani alifua lile shuka? Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya mtungi wa maziwa, nikalia kidogo, nikajifuta uso. Nilipomaliza, maneno yake yalikuwa bado yamekaa pale pale, na yalikuwa kweli.

Tuliitoa ile paipu. Kaka yangu alituma matawi ya mpera kutoka shamba lake upande wa Meru, ambako hakupigwi dawa ya wadudu. Tuliyasugua kwa maji, tukayakausha juani, tukayaacha na maganda yake. Lingine nene, lingine jembamba, lingine limepinda, ili mguu wa ndege usishike namna moja kutwa nzima. Nene kiasi gani? Vidole vizunguke sehemu kubwa ya tawi, lakini ncha za kucha za mbele na za nyuma zisikutane. Hatukuweka tawi juu ya maji wala chakula, maana unajua kinyesi kingedondokea wapi. Galgalo alileta jiwe bapa linalokwaruza kutoka Kulamawe, nadhani kwa kuomba msamaha, tukalifunga karibu na bakuli la chakula ili kasuku alikanyage anapokula. Pa kulala tulimwachia tawi, kwa kuwa jiwe usiku kucha lingemchubua. Mtu mmoja alituambia tuzungushie matawi msasa. Akko alimuuliza kama yeye angelala kwenye msasa.

Kucha zilizobaki ndefu tulizipunguza kwa tupa ndogo, ncha tu, leo kidogo na siku nyingine kidogo, mmoja akimshika kwa taulo na mwingine akisugua, unga ukiwa karibu. Nyayo zilichukua muda mrefu kupona. Ukucha mmoja haukunyooka tena.

Na Akko? Tulimwekea mkeka mahali tunapooshea mitungi, na kigoda jikoni, akawa ananipa amri pande zote. Nilifikiri nimejiongezea kazi, na kweli nilijiongezea. Kisha nikazungumza na dereva wa gari la maziwa, na mara kwa mara akawa anampeleka Kulamawe asubuhi, Akko anashinda kwa jirani yake wa zamani, anaangalia mbuzi wa watu na kukosoa, halafu anarudishwa. Toka safari ya kwanza hakuulizia tena gari la kwenda. Aliuliza tu linarudi mjini saa ngapi.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kukata kucha, chungulia kizimba. Mpe matawi yasiyofanana, uyabadilishe yakichakaa, na uangalie chini ya nyayo zake mara nyingi kuliko unavyoangalia manyoya, kwa maana manyoya hayasemi ukweli haraka. Ukilazimika kukata, kata ncha tu, na usimtume mtu kazi hiyo kwa sababu umechoka. Kuchoka si kosa. Mimi nimechoka tangu ukiwa mdogo. Lakini mtu aliyechoka hupenda kukata kile kilichozidi, hana subira ya kuuliza kwa nini kilizidi. Na hili si la ndege peke yao. Kuna watu unawatunza vizuri, wanakula na wanavaa, na hawajawahi kuulizwa wanataka kukaa wapi.

Mungu akupe nguvu za kuamka kwa ajili ya wanaokutegemea. Akulinde na mkono wenye haraka. Na siku miguu yako wewe itakapokataa kwenda, akupe mtoto atakayekusogezea kiti cha pili bila kuambiwa.