Wimbo wa Polepole

Mwanangu, kuna Jumamosi moja naikumbuka hadi leo, na nikiikumbuka bado naona haya kidogo. Nilikuwa kijana, nimetoka Lubumbashi kuja kusoma Brussels, na nilikuwa napuliza klarineti katika fanfare, yaani bendi ya matarumbeta, ya mtaa, kule Woluwe-Saint-Lambert.

Mwaka ule tulikuwa tunajifunza muziki uliotungwa kutokana na ngoma na nyimbo za Wagaeli, watu wa Uskoti na Ayalandi. Sehemu za ngoma zilikwenda kasi, miguu yenyewe inataka kuruka. Katikati palikuwa na wimbo wa polepole, wa mama anayembembeleza mtoto, na kiongozi wetu alinipa niupige peke yangu. Nikauona mwepesi mno. Basi Jumamosi ile mazoezini nikaujaza madoido, vidole vikikimbia huku na huku ili wote waone ninavyojua. Kiongozi akashusha fimbo yake ya kuongozea muziki.

"Jumamosi ijayo ukipiga hivyo," akasema, "nitampa mwingine."

Nilikasirika, mwanangu. Nikaanza kufunga klarineti yangu niondoke nisirudi tena. Papa Honoré, mzee wa Likasi kwetu Kongo, aliyepuliza lile tarumbeta kubwa la besi nyuma yangu, akanishika mkono.

"Bon, vidole yako iko mbio sana," akaniambia. "Lakini ule maman mwenye anaimba, atapumua wapi? Kuya kwetu dimanche."

Jumapili nikaenda kwao Matonge, mtaa wa Wakongo humo humo Brussels. Mke wake, Maman Julienne, alikuwa anambembeleza mjukuu kwa wimbo wa Kibemba. Papa hakunifundisha kitu; tulikaa tu tukasikiliza. Nikasikia Maman anavyovuta pumzi kila mtoto anapotulia, na sauti inavyopungua bila haraka. Nikamkumbuka mama yangu, ambaye sikuwa nimempigia simu wiki nyingi. Machozi yakanitoka mbele za watu.

Siku ya tamasha nilipiga noti zilizoandikwa tu, nikipumua pale ambapo mama angepumua. Nilipomaliza, kiongozi akainua fimbo kwa ngoma iliyofuata. Nyuma yangu Papa Honoré akanong'ona, "Voilà, ni vile, mutoto yangu. Voilà."

Mwanangu, ukipewa wimbo wa watu wengine, usiutumie kujionyesha. Jiulize kwanza nani aliuimba, na alimwimbia nani. Na mzee akikukosoa, usikimbie. Nenda kwake ukae naye. Mungu akuzungushie watu wa kukuambia ukweli kwa upendo. Ubarikiwe, wewe na watakaozaliwa kwako.