Nguo Isiyo na Mfuko

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafika Guangzhou mara nne kwa mwaka, na Njombe kwa mama yangu mara moja kila miaka miwili, tena nikijitahidi. Guangzhou ilikuwa ndege mbili na usiku mzima wa kusinzia kwenye viti vya uwanja. Njombe ni basi moja tu kutoka Dar es Salaam. Lakini ndugu zangu wakiniuliza, niliwaambia Njombe ni mbali.

Bosi niliyenunua kwake majaketi na suruali za watoto alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye kibanda ghorofa ya tatu kwenye jengo moja la nguo za jumla pale barabara ya Guangyuan Xilu. Kibanda kilikuwa kidogo, marobota yamepangwa hadi darini, na bado katikati aliweka kiti cha mianzi cha mama mkwe wake. Nafasi ile ingebeba marobota manne. Saa sita mchana supu ililetwa kutoka nyumbani, ya kuku na mizizi, imechemka tangu asubuhi, na hakuna aliyegusa kijiko mpaka bibi kizee anywe kwanza. Hata mimi mteja, na haraka zangu zote, nilisubiri. Bibi alionja, akakunja uso, akasema jambo, na bosi akaitikia kwa kichwa. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiisifu hiyo supu.

Mimi nilivutiwa mno. Nikirudi Dar nilihubiri kwenye simu na kaka yangu, kwenye vikao vya ukoo, hata saluni nikiwa chini ya kikaushio: Wachina ndio wanaojua kutunza wazazi, ndiyo maana wazee wao wana afya. Sikuwaambia kwamba bibi kizee alikuwa na mashavu ya binti, na bosi ndiye aliyemeza vidonge vya presha nyuma ya marobota. Siku moja bosi aliniuliza, kwa maneno ya sokoni na ishara za mikono, nani anampikia mama yangu. Nikamweleza kwamba nimemnunulia jiko la gesi. Akaitikia kwa kichwa, vilevile kama alivyoitikia kuhusu supu.

Na kweli mama alikuwa na kila kitu. Nilimtumia mablanketi, redio, jiko, chupa ya chai ya lita tatu. Aliniandikia: "Vitu nimepata, Mungu akubariki. Ila chupa ni kubwa, chai inapoa sijaimaliza." Nikamtumia ndogo.

Mwaka mmoja, ambao kalenda yao ilikuwa na mwezi wa nyongeza, bosi alinialika kwake kula. Baada ya chakula bibi kizee alitoa sanduku chini ya kitanda, akatandaza suti ya hariri ya buluu iliyojazwa pamba, imetariziwa maua kifuani. Bosi ndiye aliyemnunulia. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakaishika, wakaisifu, na bibi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka hadi meno yakaonekana. Mimi, mjuzi wa nguo, nikaikagua. Haikuwa na mfuko wala kifungo, ilifungwa kwa kamba, na mikono yake ilikuwa mirefu kupita vidole. Nikajiambia huo ndio mtindo wao wa sherehe. Tena nikawaza baridi ya Njombe.

Nilimwonyesha bosi kwamba ninataka ya mama yangu. Macho yalimlowa. Aliuliza umri wa mama, akanishika mkono mpaka kwenye duka dogo la uchochoroni, karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu. Nilipoanza kuomba bei ipungue alinikanyaga mguu. Mwanamke yule alikuwa akibishana bei ya kila kitu, hata ya vitunguu, na siku hiyo alinikanyaga mguu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nililipa, nikafurahi, na nilipofika Dar nikaipakia kwenye basi.

Safari iliyofuata nilikwenda na picha niliyotumiwa kutoka Njombe. Mama amesimama mbele ya kanisa siku ya Pasaka, ndani ya hariri ya buluu, mikono ya nguo imekunjwa vizuri, mashallah. Nilimpa bosi akiwa ananiandikia oda. Alitazama, akaziba mdomo. Bibi kizee akaomba aone, akaisogeza picha karibu na macho. Kando yangu alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, anayekijua Kichina kuliko sisi sote. Alichungulia picha, akashusha sauti.

"Dada, hiyo ni sanda yao," akasema. "Mwezi wa nyongeza ukiingia, mtoto mwema humnunulia mzazi nguo ya kuzikiwa. Mzee huiweka sandukuni, moyo wake ukatulia, na wenyewe huamini inarefusha umri. Si ya kuvaa kanisani."

Kwetu, kumpelekea mzazi sanda akiwa mzima ni kumwombea kifo. Bibi kizee alikuwa bado ameishika picha, na sasa akauliza kitu. Yule wa Mombasa alisita kabla ya kukitafsiri.

"Anauliza, wewe uko wapi kwenye picha?"

Niliona aibu, na niliona hasira pia, kwa kuwa bibi yule hakuwa na haki ya kuniuliza, na kwa kuwa alikuwa na haki.

Nilipotua Dar nililala usiku mmoja tu, nikapanda basi. Nilimkuta mama jikoni akichochea kuni. Jiko la gesi lilikuwa bado ndani ya boksi lake, juu yake kalaza redio. Alikuwa ameivaa ile nguo juu ya kitenge, mikono ameikunja asiiunguze. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini niliyatoa yote kwa mara moja, nikilia, kwamba sikujua, kwamba anisamehe, kwamba aivue.

Mama aliendelea kuchochea.

"Nilijua," akasema. "Mimi na wanawake wa usharika tumewavisha marehemu wangapi? Nguo haina mfuko, haina kifungo, mikono inafunika vidole. Nikasema, mwanangu ameona mbali. Anajua siku hiyo hatawahi, ameituma mapema."

Nilimuuliza, kama alijua, kwa nini akaivaa kanisani.

"Baridi ilikuwa kali," akasema. "Na wewe hukuwepo kunikataza."

Kisha akanyoosha mkono kabatini, akaiacha chupa ndogo, akashusha ile kubwa na kuijaza chai. Tulikuwa wawili, tukaimaliza.