Bibi Aliyetaka Kuhamisha Goti na Presha Tu

Daktari mzee wa zahanati yetu huku Goba amestaafu, karudi kwao kulima. Sie wagonjwa wake tumeambiwa twende kituo kipya kule bondeni, ila kwanza kila mtu alipie elfu kumi ya kuhamisha faili lake.

Jumatatu, pale dirishani, mbele yangu alisimama bibi mmoja.

"Shikamoo bibi. Ni elfu kumi," karani akamwambia.

"Marahaba. Humo ndani kuna nini?"

Karani akafunua faili. "Malaria, malaria, jino, malaria, presha, goti."

"Malaria zote nimepona, toa. Jino lenyewe liling'olewa. Nihamishie presha na goti, nikupe elfu tatu."

"Bibi, faili haliuzwi vipande."

"Nguru anauzwa vipande, sembuse karatasi?"

Foleni nzima tukaangua kicheko. Bibi wala hakutabasamu. Alifungua fundo la kanga polepole, akalipa, akaondoka amelikumbatia faili kama kitoto kichanga.

Mie nikawaza: daktari yule alikuwa na magonjwa yetu yote kichwani, na hakuna aliyemtoza hata senti kwa kuondoka nayo.

Kule kituo kipya mlango wa daktari ulikuwa wazi, nikayasikia yote. Daktari kijana alilisukuma faili pembeni bila kulifungua, akachukua daftari jipya.

"Haya bibi, unasumbuliwa na nini?"

Bibi akalirudisha faili mbele yake, akaligonga kwa kidole.

"Soma, mjukuu wangu. Nimelipia."