Programu ya Kumshusha Hajati Nabawiya

Siku Inshirah alipomaliza programu ya wanaoanza, wanawake wa jimu walipiga vigelegele, na chuma alichokuwa nacho mabegani kilikuwa na uzito sawasawa na aliokuwa nao mama mkwe wake programu ilipoanza. Akarudi nyumbani mbio kumpima mama mkwe. Mizani ikasema mama mkwe amekizidi chuma kwa kilo tisa.

Hajati Nabawiya alikuwa hajakanyaga udongo wa mji wao wa Dumyati tangu magoti yalipomgomea. Walikaa ghorofa ya tano, jengo halina lifti. Dada yake, Hajati Zakiya, alikaa ng'ambo ya mtaa, chini kabisa, mlango wake unaonekana. Mambo yao waliyamaliza kwa kupigiana kelele, mmoja roshanini, mwingine kibarazani, mtaa mzima ukijua nani ana gesi tumboni na nani kachumbiwa. Vitu vya kupeana vilishuka na kupanda kwa kikapu cha kamba. Sasa Basma, mjukuu wa Zakiya, alikuwa anaolewa, na Nabawiya alishasema: "Hina ya Basma nitampaka kwa mkono wangu. Nikishindwa, msinisimulie harusi ilikwendaje."

Kazi ilikuwa kumshusha. Mwanawe Mitwalli, mume wa Inshirah, fundi wa kuchonga miguu ya viti, mgongo wake uliharibika siku alipobeba kabati la milango mitatu kwa ubishi. Wapagazi Nabawiya hakuwataka. Mwanamume wa kando hawezi kumkumbatia kwenye ngazi. Vijana wa duka la samani wakajitolea kumteremsha roshanini kwa winchi, kama wanavyoteremsha vitanda kila siku.

"Mimi si kabati," akasema.

"Hajati, hata meza za kioo tunateremsha."

"Basi nendeni mkateremshe meza."

Akabaki Inshirah. Alipomzaa Rodaina, mama mkwe huyu ndiye aliyemlisha kwa kijiko, amekalia ukingo wa kitanda na magoti yake mabovu, akimfuta jasho na kumwambia, "Kunywa, binti yangu. Mimi nipo." Inshirah hakulisahau neno hilo. Akaenda jimu saa za wanawake, akamwambia mwalimu wa mazoezi, Kapteni Shahinda, waziwazi, "Nataka nguvu za kumbeba mama mkwe wangu kwenye ngazi."

Kapteni hakucheka. Aliuliza tu, "Ana kilo ngapi?"

Programu ya wanaoanza ilikuwa nyepesi kuelewa: kila ukija, unaongeza chuma kidogo. Mwili ukatii, ukatii, halafu ukakataa. Sasa Inshirah akijaribu kuongeza alikuwa anachuchumaa na kubaki huko huko chini kama kuku anayeatamia, mpaka waje kumtoa.

"Mwili wako umeacha utoto," Kapteni akamwambia. Rodaina alikuwa mapajani mwa mama yake, anatafuna ncha ya mkanda wa kunyanyulia. "Huwezi tena kuongeza kila siku. Utaongeza kila wiki. Sasa chagua. Ya kwanza ni ya siku nne, leo mikono na kifua, kesho miguu na mgongo. Ya pili, kila siku zoezi moja kubwa, unalifanya mpaka uone nyota. Ya tatu ni siku tatu: moja nzito, moja nyepesi, moja ya kati."

"Ipi inaleta nguvu?"

"Zote, mtu akizifuata. Ipi inaelewana na nyumba yako, hilo mimi silijui."

Nyumba yake ikaanza kujadili. Mitwalli alitaka ya nyota, kwa sababu jina lake lilimpendeza. Kutoka ng'ambo Hajati Zakiya akapaza sauti, "Siku nne! Siku nne! Harusi hiyo imefika!" Muuza maharage wa pale chini, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaunga mkono siku nne, na wateja wake wakafuata. Inshirah akakubali kimoyomoyo. Siku nne zilionekana ni nyingi, na nyingi ndizo alizozitaka.

Wakakaa kula. Mezani kulikuwa na bata, kama kila siku ya mazoezi. Hajati Nabawiya alimpika mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti, kwa ajili ya misuli ya mke wa mwanawe. Alimwekea Inshirah paja, na yeye akachukua paja la pili, maana katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuachwa ale peke yake. Inshirah alichukua bawa, mama mkwe akachukua bawa. Inshirah akachovya mkate, mama mkwe akachovya.

Mkono wa Inshirah ukasimama hewani. Alikitazama kidevu cha mama mkwe kinavyong'aa mafuta.

"Mama," akasema taratibu, "kumbe programu tumeifanya wote."

"Ipi tena?"

"Ya kuongeza kila siku. Mimi naongeza chuma, wewe unaongeza wewe."

Mitwalli akapaliwa na supu. Hajati akaweka bawa chini, polepole.

"Kwa hiyo nisile?"

"Kula, mama."

"Au nikutazame unakula peke yako? Waseme Nabawiya anamla mke wa mwanawe kwa macho?"

"Sijasema hivyo. Nasema siku nne ni bata wanne kwa wiki."

Hajati akahesabu kwa vidole, akakunja uso. "Na ile ya tatu? Siku nyepesi tunakula nini?"

"Dengu."

"Siku ya kati?"

"Makaroni ya kuoka."

"Yana nyama?"

"Kidogo, mama."

Ng'ambo Zakiya akaita, "Mmechagua?" Hajati akajivuta mpaka roshanini, akashika chuma cha roshani kama kadhi.

"Tumechagua ya tatu! Mimi ndiye mzigo, haki ya kuchagua ni yangu!"

Tangu hapo hakuna aliyeifuata programu kwa ukali kama yeye. Mitwalli akigusa siagi siku ya dengu, alipigwa kijiko mkononi: "Leo nyepesi!" Siku za kupumzika alilala chali na kukataza watu wasimsemeshe, eti misuli inakua. Kwenye jimu chuma kikapanda wiki kwa wiki. Nyumbani mizani ikashuka. Asubuhi ya siku ya hina, chuma na mama mkwe walikuwa wamepishana kabisa, na kilichokuwa juu ni chuma.

Wakamfunga mgongoni mwa Inshirah kwa shuka ya kitanda. Kapteni Shahinda akatangulia ngazini, Mitwalli akafuata nyuma na kiti cha kupumzikia na Rodaina, ambaye alipoona mgongo wa mama yake umechukuliwa na mtu mwingine alilia kama ameibiwa.

Inshirah akainuka. Akakaa tena.

"Mama. Mizani ya asubuhi haikusema hivi. Umekula nini?"

"Sijala kitu, wallahi."

"Umebeba nini?"

Mitwalli akapapasa chini ya baibui la mama yake. Akatoa bata mzima wa kuchoma. Akatoa sinia la keki za basbusa. Akatoa birika la shaba.

"Miaka yote hii sijaingia nyumbani kwa dada yangu," Hajati akafoka, machozi yakimlenga, "niingie mikono mitupu?"

Zawadi zikashushwa kwa kikapu, na kutoka chini wakasikia, "Bata amefika! Nabawiya yuko wapi?"

Nabawiya alikuwa anakuja. Kila ghorofa milango ilifunguliwa, watu wakaleta chai, Kapteni akawafukuza. "Kifua juu! Pumua! Hii ni siku nzito tu, umeizoea!" Walipofika ghorofa ya pili mapaja ya Inshirah yakaanza kutetemeka, na sikioni akasikia sauti ndogo ambayo hakuijua kwa mama mkwe wake.

"Niweke chini, binti yangu. Hina nitaituma kwa kikapu."

"Pumua, mama," Inshirah akasema. "Mimi nipo."

Chini, Hajati alikanyaga udongo mara mbili, kama mtu anayegonga tikiti maji ajue kama limeiva. Zakiya akamshika uso kwa mikono miwili.

"Umekonda!"

"Dengu," Nabawiya akajibu, na wote wawili wakaanza kulia.

Akampaka Basma hina kwa mkono wake. Mstari ulienda upande, na hakuna aliyethubutu kuusahihisha. Walipomaliza ndipo Mitwalli akauliza, mdomo umejaa basbusa, "Na kupanda je?"

Wote wakamtazama Kapteni.

"Kupanda," Kapteni Shahinda akasema, akijifuta vidole, "ni programu nyingine kabisa."

Basi Hajati akabaki kwa dada yake. Siku nyepesi ya kwanza Inshirah aliteremsha kikapu chenye bakuli la dengu. Kikarudi juu kizito, kamba inalia. Ndani alikuwamo bata, nusu. Akachungulia: videvu viwili vinang'aa kibarazani.

"Mama! Leo nyepesi!"

"Kwako wewe!" Hajati akapaza sauti. "Mimi niko mapumziko!"

Inshirah akalitazama lile paja la bata. Akamwita Mitwalli aje wale wote, kisha akamfunga Rodaina mgongoni na kushuka kwenda jimu kuongeza chuma.