Kitambaa Chekundu cha Arvil

Nilikuwa naosha vikombe vya Meza ya Bwana kanisani kwetu, huku milimani Kentucky, mchungaji aliposimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada Delphia, gobore limepasuka kule uwanja wa shabaha. Arvil katutoka."

Nilimaliza kuvipanguza vikombe vyote. Sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Arvil, kaka yangu, alikuwa akifufua magobore ya mababu. Yaliletwa yameliwa na kutu, mengine yangali na baruti ndani, maana wazee wa huku walitundika bunduki juu ya mlango ikiwa imeshindiliwa. Arvil alitumbukiza ufito mtutuni, akatoa kilichomo, akasafisha. Kisha alilifunga gobore kwenye tairi, akajibanza nyuma ya ukuta, akavuta kamba ya kifyatulio kulijaribu. Ambalo halijapita jaribio hilo alilifunga kitambaa chekundu kwenye nyundo ya kufyatulia.

"Arvil, unayaogopa kuliko mkeo!" walimtania.

"Mke wangu hupiga kelele kabla ya kulipuka."

Matangani alikuja binamu yetu Denver, mkono umefungwa bendeji, akakalia kiti cha marehemu na kula maharage yangu kwa mkate wa mahindi. Gobore lilikuwa lake, na yeye ndiye aliyelifyatua. Kipande cha chuma kilimpata kaka yangu pembeni yake.

"Aliniambia liko tayari," akawaambia watu. "Mzee alishaanza kusahau, Mungu amrehemu."

Damu ikanichemka. Jina la uangalifu ndilo pekee alilotuachia Arvil, na huyu alikuwa akimvua hata hilo.

"Kitambaa ulikifungua wewe?"

"Hakikuwapo, dada."

"Usiniite dada."

Oma, mke wa Denver, akaweka sahani chini. "Kiko garini, Denver. Chini ya kiti. Nimekiona leo asubuhi."

Denver akasukuma maharage kando.

"Mashindano yalikuwa Jumamosi," Denver akanong'ona. "Angenichelewesha na tairi lake. Nikakifungua, nikalichukua bila kumwambia."

"Toka kwenye kiti hicho."

Mchungaji alinikumbusha kusamehe sabini mara saba. Andiko nalijua. Naomba kila siku, moyo haujakubali.

Wenzake wa shabaha waliomba kufyatua magobore kaburini. Nikasema: yale tu yaliyopita kwenye tairi la Arvil. Wakayaleta. Yalilia kwa pamoja, wala hakuna aliyeumia. Denver alisimama nje ya uzio, mikono mitupu. Tukaimba, tukatupia udongo, tukarudi nyumbani.