Magoti ya Verediana

Verediana hakuwa na shida na vilima. Watu wa mjini wakipanda Kalinzi hulalamikia vilima, husimama kila kona wameshika viuno, wakisingizia kwamba wanatazama ziwa. Yeye vilima alivipanda akiongea. Shida yake ilikuwa watu, na hasa watu wazima wenye muda.

Hebu niambie wewe unayewajua Waha wa Kigoma: mke wa mtu, tena kijana, ameolewa kutoka Kidahwe, akikutana na mzee njiani anafanyaje? Anasimama. Anapiga magoti. Anatoa mikono miwili, mzee anaipokea na haiachii, halafu maswali yanaanza: mmeamkaje, mtoto, mbuzi, maharage, kahawa imeanza kuiva, na mama yako kule Kidahwe mguu umepona? Ndiyo salamu hiyo. Ni nzuri, sikatai. Ila ijaribu kila baada ya mashamba mawili, nawe uko kwenye mazoezi ya mbio, uone kama utaisifu.

Na mbio kwake hazikuwa mchezo. Alipokuwa sekondari alikimbia mpaka akapelekwa kushindana Kigoma mjini. Kisha akaolewa na Nikodemu, akamzaa Bariki, akajiambia basi, yale yamekwisha. Ndipo Mwalimu Thobias, anayefundisha michezo shule ya msingi, akaja na habari kwamba wilaya itafanya mashindano ya mbio za vilimani, katikati ya mashamba ya kahawa, baada ya mavuno. Wanawake watatu wa kwanza wangeingia timu ya mkoa.

“Mama Bariki,” alimwambia, “nafasi yako ninaiona kabisa. Lakini usiwe unasimamasimama. Ukiikata pumzi katikati ya mlima, umefanya kazi bure.”

Asisimame! Mwalimu anasema kama vile yeye si mtu wa Kalinzi.

Nikodemu alikubali, akicheka kidogo, mradi maharage yapaliliwe. Verediana akavaa sketi juu ya suruali ya mazoezi, asije akaitwa mhuni, akaanza kutafuta njia.

Kwanza alijaribu barabara kubwa. Huko wazee walimwona anakuja mbio, wakatupa majembe chini wakamkimbilia. “Nani amekufa?” Akawaambia hajafa mtu. “Basi unakimbia nini?” Akaeleza. Akaulizwa tena, kwa utulivu zaidi, kama mtu anayeulizwa na nesi. Alipomaliza kueleza, jasho lilikuwa limeshamkauka mgongoni.

Akahamia njia ya bondeni, inayoshuka migombani hadi kwenye mto. Lo! Kumbe msimu wa kahawa huko ndiko inakomenywa na kuoshwa. Wamama wote wa ukoo wa mumewe wako pale, mikono imejaa utelezi, nao hawakosi la kuuliza. Akajaribu alfajiri, kabla ya jua. Siku ya tatu maneno yakamfikia Nikodemu kwamba kuna mwanamke anakimbia mashambani gizani, na mwanamke wa aina hiyo kazi yake inajulikana. Nikodemu akasema za alfajiri basi, zimekwisha. Hapo hakucheka.

Ikabaki njia ya juu kabisa, ya mgongo wa kilima, nyembamba, mahali ambapo kahawa inakwisha na majani yanaanza. Verediana alipanda siku ya kwanza akafurahi peke yake, kwa sauti. Hakuna nyumba, hakuna kisima. Akakata kona, na mbele yake akamwona Mzee Yona amekaa juu ya jiwe anachunga mbuzi wake.

“Shikamoo mzee,” alisema akiendelea kukimbia pale pale, miguu inapanda na kushuka mahali pamoja.

“Sasa mbona unarukaruka? Una chawa?” Mzee Yona akanyoosha mikono. “Njoo tusalimiane vizuri. Haraka haraka haina baraka, binti yangu.”

Akapiga magoti. Angefanyaje? Mzee akamuuliza mpaka habari za mbuzi wa Kidahwe, ambao hajawahi kuwaona.

Hasira zilimjaa Verediana mpaka zikawa zinamsaidia kupanda. Alianza kuwachukia watu wema kabisa, watu waliomletea uji alipojifungua. Akiona kofia mbele yake njiani moyo unakufa. Wiki zikaenda hivyo, mbio kidogo, magoti mengi, na Mwalimu Thobias akitikisa kichwa kila akishika saa yake.

Siku moja tu ilienda sawa. Miguu ilikuwa myepesi, pumzi imekaa, na alikuwa anamalizia mlima wote bila kusimama kwa mara ya kwanza. Karibu na kilele alikutana na mama mkwe wake, Skolastika, anashuka na mzigo wa kuni. Verediana aliinua mkono, akasalimia kwa Kiha, “Mwakeye mama!” akapita.

Akapita! Toba.

Jioni ile ile kikao kilikaa. Skolastika hakufoka, wanaofoka ni afadhali. Alisema taratibu kwamba yeye si kisiki, na kwamba mke wa mwanawe akimpita tena hivyo, kila mtu atajua nyumba hii haina mama. “Heshima si utumwa,” alimalizia. Verediana akaomba radhi magotini, na Nikodemu akamwambia mkewe mbele ya wote kwamba mbio zitaendelea kama salamu zitaendelea. Toka hapo alisalimia kila kiumbe. Mwili wenyewe ulizoea: akiona mtu mzima, magoti yanakunjika kabla hajaamua.

Siku ya mashindano Kalinzi ilijaa. Kamba zilifungwa kwenye migomba kuonyesha njia, na pikipiki zikazuiwa. Hakuna wa kumsimamisha mtu! Verediana aliachia miguu yake. Aliwapita wasichana wa Gungu kwenye mteremko wa kwanza, akawapita wengine kwenye mto, na mgongo wa kilima ulipokwisha alikuwa wa tatu, na wa nne yuko mbali kidogo nyuma yake. Mwalimu Thobias alikuwa anapiga kelele kama aliyeibiwa. “Hivyo hivyo! Usibadilishe kitu!”

Ilibaki kona ya kanisa na kipande kifupi hadi uwanjani. Pale konani walisimama akina mama wa jumuiya, wamevaa vitenge vipya vya sare, na mbele yao, karibu kabisa na njia, alikuwepo Skolastika.

Macho yao yakakutana.

Magoti yakakunjika. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo; yeye mwenyewe hakuweza. Alikuwa chini vumbini, mikono miwili mbele, anasema “Mwakeye mama.” Na Skolastika, badala ya kumfukuza pale, akaipokea ile mikono. Akaishika! Akawageukia wenzake, uso unang’aa. “Mnamwona mkwe wangu? Mnamwona?” Kisha akaanza kuitikia, taratibu, kama inavyotakiwa.

“We Skolastika!” alipiga ukelele mwenzake Agnesi. “Mwachie mtoto, wanampita!”

Msichana mmoja wa Gungu alikuwa ameshapita. Verediana aliichomoa mikono yake akamkimbiza mpaka mwisho, na mwisho ukafika akiwa nyuma yake kwa hatua chache. Wa nne. Mwalimu Thobias aliandika majina matatu, akafunga kalamu, akaenda kusimama peke yake nyuma ya choo cha shule.

Skolastika alifika uwanjani akihema, bado anatabasamu, na wenzake nyuma yake wanamsifia malezi. “Mwanangu, leo umenipa heshima mbele ya watu.”

“Nimekupa na nafasi yangu, mama,” Verediana alisema.

Hakusubiri jibu. Alimwacha Nikodemu na mtoto pale pale, akaishika njia kubwa ya kurudi nyumbani. Wazee walikuwa wameketi huku na huku, wakaanza kunyoosha mikono kama kawaida. Hakukimbia. Alitembea polepole kabisa, katikati ya barabara, mtu mwenye muda wote duniani, na hakumsalimia hata mmoja.